Mkimbiaji na Wakimbizi



Dominika moja, baada ya Misa ya kwanza, watu walipokuwa wakiamkiana chini ya mwembe mbele ya kanisa, baba mmoja wa hapa kwetu Uvira alinishika mkono akanivuta kando. Ni mvuvi, mkristu mwema, tena mtu wa maneno machache. Ndagala wake nimewala mara nyingi, wala sijapata kumwona akigombana na mtu juu ya bei. Tukaamkiana, "Tumsifu Yesu Kristu", "Milele na milele, amina", kisha akanyamaza kitambo, akitazama viatu vyake.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "binti yangu wa pili amewashinda wavulana wote wa darasa lake katika mbio za shule. Sasa wataka aende kushindana na shule nyingine. Mama yake afurahi kama mtu aliyepata shamba. Mimi nakuuliza wewe uliyesoma: mtoto wa kike akimbie kwenda wapi?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake halikuwa la ukaidi. Katika nchi yetu hii nyembamba, kati ya milima na ziwa, kukimbia si mchezo. Nani kwetu hajakimbia? Wazee walikimbia mwaka 1964, waasi walipoushika mji huu na vita ikaenea mpaka Baraka na Fizi. Walio watu wazima leo walikimbia mwezi wa Oktoba 1996, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Wengi wakavuka ziwa kwa mashua wakatua Kigoma, wasijue kama watarudi. Mwaka 2015 tukawaona ndugu zetu wa Burundi wakija kwetu kwa namna ile ile, wakapelekwa kambi ya Lusenda, katika nchi ya Fizi. Na mara ngapi tena tangu hapo, kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Wapo pia wasiokimbia. Tarehe 28 Novemba 1964 Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka; siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert wakauawa Fizi. Wangeweza kuondoka mapema, wakabaki na watu wao. Kanisa limewatangaza kuwa wenyeheri hapa hapa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, na wengi wenu mlikuwapo. Lakini hatuwashitaki waliokimbia, maana Bwana wetu mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto mchanga mikononi mwa mama yake.

Kiswahili chetu kimeliweka jambo hili wazi kuliko lugha nyingi. Kitenzi ni kimoja tu, kukimbia. Akimbiaye kwa kushindana twamwita mkimbiaji. Akimbiaye ili aokoe roho yake twamwita mkimbizi. Mwili ni ule ule na miguu ni ile ile. Basi baba huyu, aliyekwisha kuwa mkimbizi mara mbili maishani mwake, alishangaa kumwona binti yake akitaka kukimbia bila kufukuzwa na mtu.

Nikamwomba anipe juma moja. Dominika iliyofuata tulikaa chini ya mwembe ule ule nikamsimulia habari za mwanamke mmoja wa Kenya. Naona vema niziandike hapa, maana baba yule hayuko peke yake mwenye swali lile.

Upande wa kaskazini-magharibi wa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, wakaa Wapokot. Walio juu milimani hulima, walio chini bondeni huchunga ng'ombe. Kwa vizazi vingi wamenyang'anyana mifugo na jirani zao, Waturkana upande huu na Wakaramojong upande ule. Zamani kwa mkuki, siku hizi kwa bunduki. Huko, tarehe 9 Mei 1973, alizaliwa Tegla Loroupe. Baba yake alikuwa na wake 4, na Tegla alikuwa na ndugu 24. Mtajua wenyewe mtoto wa kike katika ua wa namna hiyo afanya nini tangu alfajiri: maji, kuni, jembe, ng'ombe, na mdogo wa mama huyu au mama yule mgongoni.

Alipotimiza miaka 7 akaanza shule. Shule ilikuwa mbali, kilometa 10 kwenda na kilometa 10 kurudi. Kwa mtu mzima atembeaye kwa kawaida ni mwendo wa saa 2 kila upande. Tegla hakuwa na saa 2, kwani kazi za asubuhi zilikuwa zikimngoja kabla ya kuondoka. Basi akakimbia. Hakuna aliyempangia mazoezi, wala hakujua kwamba ni mazoezi.

Shuleni walipoanza kushindana, meta 800 na meta 1,500, mtoto huyu mdogo akawashinda wakubwa wake. Hapo ndipo wazo likamwingia kwamba miguu yake yaweza kuwa kazi yake. Nyumbani walikataa. Baba alikataa, na watu wengine pia walikataa; hawakuona heshima gani ya binti kukimbia barabarani mbele ya macho ya watu. Mama yake peke yake alimwunga mkono. Nilipofika hapa baba yule mvuvi alikohoa kidogo, maana alikumbuka nani nyumbani kwake amefurahi na nani amekunja uso. Sikusema kitu. Watu wa kwao walimpa Tegla jina la utani, Chametia, maana yake mtu asiyekasirika. Nadhani jina lile lilimfaa kuliko viatu.

Kwa kweli viatu havikuwapo. Wakubwa wa riadha nchini Kenya walimtazama, wakamwona mfupi na mwembamba mno. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikupita meta 1 na sentimeta 53. Hawakumtia maanani mpaka mwaka 1988, aliposhinda mbio kubwa za nyika bila viatu. Mwaka 1989 akapata viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia, naye aliviweka kwa njia mbaya tu, zenye mawe. Mwaka huo akapelekwa katika mbio za nyika za vijana wa dunia nzima, akawa wa 28. Mwaka 1990 akawa wa 16. Wanafunzi, yaangalieni mahesabu haya kwa makini: wa 28, kisha wa 16. Magazeti hayaandiki habari za mtu wa 28, na kama Tegla angewasikiliza wale waliomhesabu kuwa si kitu, angerudi kuchunga ng'ombe.

Baadaye akaenda Ujerumani, mji wa Detmold, akafundishwa na Volker Wagner pamoja na wakimbiaji wengine wa Kenya. Baridi ile ya Ulaya siwezi kuieleza kwa watu wa Tanganyika. Hata hivyo alikaa, akijifunza mbio ndefu kuliko zote, marathoni, ambayo urefu wake ni kilometa 42 na meta 195.

Mwezi wa Novemba 1994 akasimama katika marathoni ya New York, Marekani. Ni mji wa madaraja makubwa, na njia ya mbio yapanda na kushuka. Akaumaliza mwendo ule kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 37, mbele ya wanawake wote. Kabla ya siku ile hakuna mwanamke wa Afrika aliyepata kushinda New York. Wanaume wa Kenya walikwisha kujulikana dunia nzima tangu miaka ya 1960, lakini mabinti walihesabiwa kuwa wa jikoni. Mwaka 1995 akarudi New York akashinda tena, naye safari hiyo alikuwa katika msiba: dada yake mkubwa, aliyekuwa msaada wake, alikuwa amefariki muda mfupi kabla. Alikimbia na huzuni yake, akafika wa kwanza na machozi.

Kuanzia hapo siwezi kutaja kila ushindi, nisije nikaandika orodha kama ya karani wa soko. Alishinda Rotterdam, Uholanzi, miaka 3 mfululizo, 1997, 1998 na 1999. Miaka ile ile 3 alikuwa mshindi wa dunia wa nusu marathoni. Mwaka 2000 alishinda London na Roma. Mwaka 1998 alikimbia uwanjani kwa muda wa saa 1 kamili, akapita meta 18,340. Mwanamke yeyote hakuwa amefika mbali hivyo kwa saa moja.

Siku iliyo kubwa kuliko zote ni tarehe 19 Aprili 1998. Rekodi ya marathoni ya wanawake ilikuwa mikononi mwa Ingrid Kristiansen wa Norway tangu mwaka 1985: saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Miaka 13 hakuna aliyeigusa. Siku ile, Rotterdam, Tegla alifika kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Sekunde 19 tu! Ni muda wa kusema Baba Yetu kwa haraka isiyofaa. Lakini kwa sekunde hizo 19 rekodi ya dunia ilihama Ulaya ikaja kukaa kwa binti wa Pokot. Wengine walinung'unika kwamba wanaume walikimbia mbele yake wakimkinga na upepo, na neno hilo lina ukweli, kwa kuwa mbio zile zilikuwa za wanaume na wanawake pamoja. Lakini hawakumbeba. Mwaka 1999, mjini Berlin, akaipunguza tena rekodi yake mwenyewe kwa sekunde 4. Mwaka 2001 Naoko Takahashi wa Japani akaishinda, na juma moja baadaye Mkenya mwingine, Catherine Ndereba, akamshinda Takahashi. Rekodi ndivyo zilivyo.

Lakini nilipomsimulia mvuvi yule, kitu alichokishika si rekodi. Alishika habari za Sydney, nami pia huzipenda kuliko nyingine.

Mwezi wa Septemba 2000 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Sydney, Australia. Tegla alikuwa mwenye rekodi ya dunia, na watu wengi nyumbani waliisubiri medali yake ya dhahabu kama watu wasubirivyo mvua. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kikamdhuru. Alitapika, akaharisha, akakesha. Kwa asubuhi ya namna hiyo mtu mwenye akili hukaa kitandani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda kusimama mstarini. Akazikimbia kilometa zote 42, akafika wa 13. Takahashi alishinda. Baada ya siku chache tu, mwili haujapona sawasawa, akasimama tena uwanjani kwa mbio za meta 10,000. Alivua viatu akakimbia pekupeku, kama alivyokimbia utotoni, na katika mbio za mwisho, tarehe 30 Septemba, akawa wa 5. Baadaye alieleza kwamba alijiona ana deni kwa watu wa kwao waliomwekea matumaini. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe, wala mwaka ule wala mwingine.

"Alijua hatashinda?" baba yule akaniuliza.

"Alijua."

"Akaenda."

"Akaenda."

Akakaa kimya. Wavuvi wanajua usiku ambao mtu hutupa wavu akijua ya kuwa hakuna kitu.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, maana si vema tuwasifu wachezaji bila kuwaonya wazazi. Msidhani kwamba kila binti aliyeinuliwa na michezo ameinuliwa kwa upole. Katika nchi ya Rumania, Ulaya ya mashariki, alizaliwa mwaka 1961 msichana aitwaye Nadia Comăneci. Kazi yake ilikuwa jimnastiki, yaani michezo ya viungo: kuruka, kupinduka hewani, kubembea juu ya fito mbili zisizolingana kimo, na kutembea na kuruka juu ya boriti yenye upana wa sentimeta 10. Alianza kufundishwa akiwa mtoto mdogo kabisa. Mwaka 1976, mwenye miaka 14, alikwenda Olimpiki ya Montreal, Canada. Sisi Waafrika wengi hatukuwa na wachezaji pale, kwa maana nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilikataa kushiriki kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya ragbi Afrika Kusini wakati wa ubaguzi. Nadia alipomaliza kwenye fito, waamuzi wakampa alama 10 kamili. Hakuna aliyewahi kupata alama hiyo katika jimnastiki ya Olimpiki, hata ubao wa matokeo haukutengenezwa kwa kuionyesha, ukaandika 1.00, na watu wakashangaa. Alipata alama 10 mara 7 siku zile, na medali 3 za dhahabu. Katika maisha yake yote medali zake za Olimpiki ni 9, ambazo 5 ni za dhahabu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wasichana wa jimnastiki wa Rumania wa miaka ile wamesimulia baadaye habari za njaa na vipigo, ili wabaki wadogo na wepesi. Nadia mwenyewe, alipokwisha kuacha mashindano, polisi wa siri wa serikali walimfuata kila aendako, na ruhusa ya kutoka nchini aliinyimwa. Mwishowe, usiku mmoja wa Novemba 1989, mwanamke huyu ambaye picha yake ilikuwa imezunguka dunia nzima alitembea gizani, shambani na matopeni, pamoja na watu wachache, akavuka mpaka kwa miguu akaingia Hungaria. Kutoka hapo akaenda Marekani. Kabla mwaka haujaisha serikali ya Rumania ilipinduliwa. Mnaona, basi, kwamba hata mshindi wa alama 10 aliweza kuwa mkimbizi kama mama yeyote wa Makobola. Wenye mamlaka wa jimnastiki wameweka sheria tangu mwaka 1997 kwamba msichana asiyetimiza miaka 16 ndani ya mwaka wa mashindano asishindane katika michezo mikubwa ya watu wazima. Naona sheria hiyo ilichelewa.

Turudi kwa Tegla. Mbio zilimpa fedha na jina. Watu wengi wakipata vitu hivyo viwili hujenga nyumba mjini na kusahau njia ya kijijini. Yeye mwaka 2003 alianzisha shirika la amani lenye jina lake, akaandaa mbio za kilometa 10 katika nchi yake mwenyewe, zikiwakusanya vijana wa kabila zile zinazonyang'anyana ng'ombe. Wazo lake ni jepesi hata mtoto alielewa: vijana wa Pokot, wa Turkana, wa Karamoja, na wengine kutoka Sudan, waliozoea kukutana bunduki mkononi, wakutane miguu mitupu, wakimbie pamoja, wanywe maji kutoka ndoo moja, wazee wao wapate nafasi ya kukaa kitako na kusemezana. Mawaziri na mabalozi pia walikuja wakakimbia nyuma yao wakihema. Sitawadanganya kwamba wizi wa ng'ombe umekwisha kule, haujakwisha. Lakini mamia ya vijana waliziweka silaha chini, na mwaka 2010 serikali ya Kenya ilimshukuru kwa ajili hiyo. Huko Kapenguria alijenga pia shule kwa ajili ya watoto, wengi wao yatima wa mapigano yale.

Sasa nafika mahali ambapo habari hii yaingia nyumbani kwetu.

Kaskazini mwa Kenya ipo kambi kubwa ya wakimbizi, Kakuma. Tegla alikwenda huko na mbio zake, akawaona vijana wa Sudan Kusini wakikimbia vizuri, wengi bila viatu. Akawaombea nafasi ya kufundishwa, wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi. Wakati huo wakubwa wa Olimpiki walikuwa wakitafuta namna ya kuwapa nafasi wachezaji wasio na nchi ya kuwapeleka. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, Brazil, kwa mara ya kwanza katika historia, likaingia uwanjani kundi la wakimbizi, watu 10, nyuma ya bendera ya Olimpiki yenye pete 5. Bendera ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, msichana wa Sudan Kusini kutoka Kakuma. Mkuu wa msafara wao alikuwa Tegla Loroupe. Mkimbiaji akiwaongoza wakimbizi!

Kati ya wale 10, watano walikuwa wakimbiaji wa Kakuma. Wawili walikuwa waogeleaji wa Siria, mmoja mkimbiaji wa Ethiopia. Wawili waliobaki walikuwa wacheza judo, na hao wote wawili walizaliwa Bukavu. Ndiyo, Bukavu yetu hii, unayoifikia kwa kupanda bonde la Ruzizi na kupita Kamanyola.

Wa kwanza ni Popole Misenga, aliyezaliwa mwaka 1992. Vita ilimkuta akiwa mtoto mdogo. Mama yake aliuawa, naye akakimbilia msituni peke yake, akaonekana baada ya siku 8. Akapelekwa Kinshasa, katika nyumba ya watoto waliopotezana na jamaa zao, na huko akajifunza judo. Wa pili ni Yolande Mabika, aliyezaliwa mwaka 1987, naye vita ilimtenga na wazazi wake akiwa mtoto, naye judo ilimkuta Kinshasa. Mwaka 2013 walifika Rio kwa mashindano ya dunia wakiwa katika timu ya Kongo, wakaamua kutorudi. Wakaishi katika mitaa ya maskini ya mji ule, wakifanya kazi yoyote iliyopatikana, mpaka mwalimu mmoja mzee wa judo, Geraldo Bernardes, alipowapokea awafundishe.

Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole akakutana na Avtar Singh wa India, akamshinda. Watu wa Brazil waliokuwamo ukumbini walimshangilia kana kwamba ni mtoto wao. Pambano la pili alikutana na Gwak Dong-han wa Korea, aliyekuwa mshindi wa dunia, akajikaza naye karibu mpaka mwisho wa muda, kisha akashindwa.

Tegla aliliongoza kundi hilo tena katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na mara hiyo walikuwa 29, Popole akiwamo. Mwaka 2024, Paris, walikuwa 37, nao waliongozwa na Masomah Ali Zada, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Afghanistan, ambaye alikuwa mmoja wa wachezaji wa Tokyo. Hapo Paris ndipo kundi la wakimbizi lilipopata medali yake ya kwanza, ya shaba, kwa ngumi za msichana Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun.

Mvuvi yule alipomaliza kusikiliza, hakusema kwamba amekubali. Alianza kunihoji, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko hotuba yangu. Aliuliza nani atafuatana na binti njiani. Nikamwambia kwamba neno hilo ni la haki kabisa: mtoto asikimbie peke yake alfajiri kwenye njia ya Kavimvira, na mwalimu anayewafundisha wasichana ajulikane kwa wazazi, akaribishwe nyumbani, na mama awe na ruhusa ya kuja kutazama mazoezi siku yoyote bila kutoa taarifa. Mwalimu anayeudhika mama akija, huyo binti asiachwe mikononi mwake. Akauliza juu ya masomo. Nikamwambia Tegla alikimbia kwenda shule, hakukimbia kutoka shule. Akauliza nani atachota maji. Hapo nilicheka, akacheka naye, maana ana wavulana 3 nyumbani wenye afya njema.

Akauliza pia kama si dhambi msichana kuvaa kaptula mbele ya watu. Nikamkumbusha kwamba Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto hakuona haya kuwatolea mfano wa wakimbiaji wa uwanjani, na wakimbiaji wa Wagiriki wa zamani hawakuvaa hata kaptula. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Sijui kama nilifanya vema kumwambia hilo.

Kisha akaondoka, akaenda kuangalia mitumbwi yake. Sikumwona majuma mawili. Jumamosi iliyopita nilimkuta sokoni amesimama mbele ya meza ya viatu vya mitumba, ameshika kiatu kimoja kidogo cha rangi ya buluu, akikikunja nyayo kwa vidole kama apimavyo uzi wa wavu. Aliponiona akaniuliza, bila kunisalimu kwanza, yule binti wa Kenya alikuwa na miaka mingapi alipopata viatu.

"Kumi na sita," nikamwambia.

"Wangu ana kumi na miwili," akasema, akamgeukia mwenye meza, wakaanza kupatana bei.